Askari mstaafu mwenye siri: anza na viti, si maswali

Baruti ya wavuvi haramu ikilia baharini, hapa Tanga wapo wazee wa Vita vya Kagera, 1978 na 1979, wanaojikuta wamelala chini kabla hawajajua wanakimbia nini. Majirani wanalielewa hilo. Kisichoeleweka upesi, hata kwa mshauri nasaha, ni kiwewe cha askari aliyeumizwa na jeshi lake mwenyewe kwa sababu anapenda watu wa jinsia yake.

Hadi Januari 2000, jeshi la Uingereza lilikuwa likiwafukuza wapenzi wa jinsia moja. Polisi wa kijeshi waliwahoji hadi mambo ya kitandani. Tarehe 27 Septemba 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba kuwahoji na kuwafukuza vile kulivunja haki yao ya faragha. Mtu aliyepitia hayo, ukimkalisha mbele ya meza yenye faili na kalamu, umemrudisha kulekule.

Kwa hiyo, mshauri, ondoa meza. Weka viti viwili mshazari, chake mgongo ukutani na mlango akiuona. Kabla ya swali lolote mweleze utaandika nini, nani atasoma, na lini utalazimika kumshirikisha mtu mwingine, kwa mfano akiwa karibu kujiua. Kwetu sheria inatoa kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ngono ya kinyume cha maumbile, basi usimuulize anampenda nani. Akisema mwenyewe, pokea, na kwenye faili andika "mwenzi". Kiswahili kinatusaidia: "mwenzi" na "yeye" havitaji jinsia. Kinachohitajika kuandikwa ni usingizi, kushtuka, pombe, silaha nyumbani, mawazo ya kujiua.

Wengi huharibu kwa kuamini hatapona mpaka aseme yote. Si kweli. Tiba ya kuchambua fikra (CPT), ambayo kawaida ni vikao 12 vya dakika 50 hadi 60, hufanyika hata bila kusimulia tukio lenyewe. Kinachochambuliwa ni fikra iliyoganda, mfano "nilistahili kufukuzwa": ushahidi wake uko wapi, na nani alimfundisha hivyo? Karatasi za zoezi zibaki kwako. Zikionekana nyumbani zitaleta balaa.

Dodoso la dalili za kiwewe, PCL-5, lina maswali 20, kila moja alama 0 hadi 4. Jumla ikifika 31 hadi 33 au zaidi, apimwe kikamilifu. Ajibu akiwa peke yake, maana mke au kaka akikaa pembeni alama hizo hazina maana.

Akishtuka kikaoni, usimshike kwa nyuma. Mwite jina, akanyage sakafu kwa nyayo zote, avute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa 6. Diazepamu, dawa ya kutuliza, ya duka la dawa isiwe tegemeo: haitibu kiwewe, na mwili huizoea. Anayeahidi "kumbadilisha" naye anaongeza jeraha juu ya jeraha.

Kikundi cha wastaafu wenzake kisubiri hadi atakapokitaka mwenyewe. Mji huu ni mdogo, na siri ikitoka Ngamiani asubuhi, jioni iko Chumbageni.