Siku ya fundi simu aliyechoka na habari

Saa 12 asubuhi natoka Igogo, hapa Mwanza, kwa miguu. Daladala zipo, lakini ukipanda utakuta redio iko kwenye magazeti ya leo, na kabla ya kushuka umeshabebeshwa ajali, kesi na vita, chai hujanywa. Kwa miguu nakutana na wanafunzi na mama mwenye beseni la sato. "Mwangaluka!" Naitikia, napita.

Saa 2 nafungua meza Makoroboi. Jirani yangu anayeuza kava anaanza na "Umesikia?" hata salamu hajatoa. Nikimwambia bado, ndiyo kwanza ananisogezea kioo.

Kazi yangu ni kuifufua mashine inayonichosha, nalijua hilo. Kuna kipindi nilikuwa naperuzi mpaka saa 8 usiku, asubuhi mkono unatetemeka nikishika solda, moyo unakwenda mbio. Nikaenda hospitali nikidhani ni presha. Presha ilikuwa sawa. Daktari akaniuliza swali moja tu: simu inalala wapi?

Saa 4 anakuja mama wa makamo. "Mwanangu, hii simu inanitisha." Nikaikagua, nzima kabisa. Yumo kwenye makundi ya kanisa, ya kikoba, ya ukoo, na kila kundi linamwaga video za maiti na ujumbe wa "sambaza kwa watu kumi". Nikazima milio, nikazuia video zisijipakue zenyewe. Akauliza bei. Nikamwambia, "Mama, ninunulie soda." Hafikirii kwamba ana tatizo la akili, na mimi sikumwambia hivyo. Ila halali, alisema mwenyewe.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2024 Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford iliuliza watu wa nchi nyingi, na karibu 4 kati ya 10 walisema huzikwepa habari, wengine mara kwa mara. Hiyo nayo niliisoma kwenye simu, wapi tena!

Saa 6 inaletwa simu ya mvuvi wa dagaa, imetumbukia ziwani usiku, pale soko la samaki la Mwaloni wakaizika kwenye mchele. Aliyeeneza hiyo dawa ya mchele simjui, ila punje zake nimezichokonoa sana kwenye tundu za chaji. Nafungua mgongo, nachomoa betri kwanza. Kwenye kiungio cha kioo kutu ya kijani imeshaanza. Mswaki laini, spiriti, nasugua taratibu, napuliza, naacha ikauke. Kwa muda wote huo dunia haipo. Nafikiri hii ndiyo dawa yangu halisi, kuliko ushauri wote niliopewa.

Mchana ni ugali na dagaa kwa mama ntilie, na hapo redio huwezi kuikwepa. Mzee mmoja akakumbusha kuzama kwa meli ya MV Bukoba, 21 Mei 1996. Anasema walisikia, wakakimbilia bandarini. Baadaye watu walikwenda Igoma kuzika, wengine wakapika kwenye misiba, wengine wakakesha na wafiwa. Habari ilikuwa nzito, lakini miguu ilikuwa na pa kwenda na mikono ilikuwa na cha kufanya. Mwaka 2018 ilipozama MV Nyerere kule Ukara, mimi nilikaa na simu nikihesabu idadi inavyopanda, nikiifungua tena na tena kana kwamba nikiangalia sana atapatikana mtu. Sikumsaidia yeyote. Nilichoka tu.

Saa 10 naweka betri, simu ya mvuvi inawaka. Ujumbe unaanza kumiminika, mlio juu ya mlio. Jamaa mwenyewe anafika, anakunja uso: "Fundi, zima hayo makelele, nitafutie namba ya tajiri wangu." Akampigia palepale kuuliza kama leo wanaingia ziwani, maana mwezi bado mdogo, giza lipo, dagaa watafuata taa. Akalipa, akaondoka.

Saa 2 usiku nasikiliza taarifa ya habari, moja tu, mpaka hali ya hewa. Upepo wa ziwani unanihusu. Mdogo wangu yuko majini.

Saa 4 simu inabaki sebuleni kwenye chaji. Chumbani kuna saa ya mezani niliyookota mtumbani Mlango Mmoja. Inachelewa, na mke wangu hajaacha kuisema.