Vifaa vya pikipiki ninavyobeba nikiingia porini

Ukitaka kujua ubebe spana gani kwenye safari ya pikipiki, usianzie dukani. Anzia uani kwako. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, fungua gurudumu la nyuma, toa tairi kwenye rimu, toa tyubu, kisha rudisha vyote. Kila spana uliyoishika iweke pembeni. Hizo ndizo zako. Seti nyingi za kwenye kikasha cha plastiki zimejaa spana ambazo hazina nati kwenye pikipiki yako, halafu ile ya ekseli, unayoihitaji kuliko zote, haimo.

Mimi ni mnunuzi wa asali, natumia Boxer. Kutoka Tabora mjini hadi Sikonge ni lami na mafundi wapo, kwa hiyo sina wasiwasi. Kazi inaanza nikishapita Ipole na kuacha barabara kubwa, nikaingia kwenye vijia vya warina asali katikati ya miyombo. Huko simu inapoteza mtandao, na unaweza kutembea muda mrefu hujakutana na mtu. Begi langu nimelipanga kwa ajili ya huko.

Pancha ndiyo inayotawala begi. Nabeba tyubu nzima, leva mbili za kutolea tairi, pampu ya mkono, viraka, msasa na gundi. Boxer yangu ina rimu za inchi 17 mbele na nyuma, kwa hiyo tyubu moja inanitosha kwa magurudumu yote mawili. Mwenye pikipiki ya rimu tofauti abebe mbili. Fundi wangu wa pale Ng'ambo aliniambia, “Dada, ukiwa porini badilisha tyubu kwanza, kiraka utabandika ukifika kijijini.” Namuunga mkono kabisa. Kiraka kinataka subira: unasugua kwa msasa, unapaka gundi, unaiacha mpaka ukigusa hainati kidoleni, ndipo unabandika na kukandamiza. Jua likiwa kali na nzi wakikuzonga, hapo kwenye kusubiri ndipo wengi wanapoharibu. Na gundi iwe mpya, haijatobolewa. Ikishafunguliwa, haikawii kukauka ndani ya tyubu yake hata ukiifunga vizuri.

Kabla hujaweka tyubu mpya, pitisha kitambaa taratibu ndani ya tairi lote. Mwiba uliotoboa ya kwanza bado umo, na kitambaa kitaunasa. Halafu leva zisitumike kwa nguvu za ng'ombe. Kanyaga tairi upande wa pili lizame kwenye bonde la katikati ya rimu, upande wako utalegea wenyewe. Wakati wa kurudisha, malizia pale penye valvu, ukiisukuma valvu juu kidogo ili tyubu isibanwe na ukingo wa tairi.

Cheni: loki ya akiba, yaani kile kipingili cha kuunganisha ncha mbili za cheni, na koleo, basi. Yangu ni cheni ya 428, na loki lazima iwe ya namba hiyo hiyo. Klipu yake ina upande uliozibwa na upande ulio wazi. Uliozibwa utangulie kule cheni inakokwenda, la sivyo kitu kikiigusa inaweza kuchomoka.

Kebo ya klachi ya akiba sikuiweka begini. Nimeilaza sambamba na ile inayotumika, kuanzia kwenye usukani hadi kwenye injini, ncha zake nimezifunga kwa tepu zisiingie vumbi. Ya kwanza ikikatika, nahamisha ncha mbili tu, hakuna kuvua tangi.

Vingine ni vidogo: plagi mpya na spana yake, bisibisi ya nyota na ya bapa, fyuzi, tepu ya umeme, waya laini wa kufungia, na tochi ya kuvaa kichwani kwa sababu mikono yote miwili ina kazi.

Begi lenyewe nilishonewa na fundi cherehani kwa turubai la kaki. Alikuwa na la bluu, zuri na la bei nafuu, nikalikataa. Mbung'o wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kuinama unafungua ekseli huku mbung'o wanakuchoma mgongoni juu ya shati ni mateso ya kutosha bila kuwaita wengine. Spana nazifunga kwenye kitambaa kizito zisigongane na zisitoboe tyubu, kisha begi linakazwa kwa mpira juu ya keria, chini kabisa ya madumu. Upande wa madumu nauacha wazi kidogo, niweze kulichomoa bila kushusha asali.