Maji ya Disney si bwawa la kuogelea: mamba wa Florida ni wa kweli

Likizo za Juni zikianza, picha zinazozagaa kwenye magrupu ya Waswahili wa huku Marekani ni zilezile. Mtoto kasimamishwa ukingoni mwa maji, mzazi anamwambia arudi nyuma kidogo, bado kidogo, ili boti na kasri la Disney vionekane. Inaniudhi, na nalisema wazi. Watu waliokulia Rufiji au kando ya Tana, ambao nyumbani wasingemwacha mtoto achote maji peke yake, wakifika Orlando wanaamini kiingilio cha zaidi ya dola 100 kwa kichwa kimeshawaondoa mamba. Serengeti hakuna anayeshuka garini kupiga picha kando ya mto Grumeti wenye mamba.

Walt Disney World, eneo la bustani za burudani na hoteli karibu na Orlando, ilifunguliwa Oktoba 1971, kwenye ardhi iliyokuwa kinamasi. Bay Lake, lililomo humo, ni ziwa la asili. Seven Seas Lagoon, lililo mbele ya Magic Kingdom, bustani yenye kasri, lilichimbwa, na udongo wake ukatumika kuinua ardhi ya bustani yenyewe. Maziwa hayo mawili yameungana, na eneo zima limekatwa na mifereji ya kutoa maji ya mvua, ambayo mwishowe huelekea kusini. Mamba anapita kwenye mifereji hiyo hiyo. Akikuta kizuizi, anapanda nchi kavu usiku na kutembea hadi bwawa la pili. Florida ina mamba wapatao milioni 1.3, katika kaunti zote 67, kwa hiyo ukimtoa mmoja leo umemwachia nafasi mwingine. Wanaouliza kwa nini Disney haiwamalizi wote wajue kwamba kila mwaka wanaondolewa, na kila mwaka wengine wanaingia.

Juni 2016 mtoto wa miaka 2 alikamatwa na mamba kwenye ufukwe wa hoteli mojawapo ya Disney, giza likiwa limeshaingia, akichota maji kwa ndoo yake ndogo. Baba yake aliingia majini kupambana na taya za mnyama, hakuweza. Wakati ule vibao vilikataza kuogelea tu, neno mamba halikuwapo. Sasa vinataja mamba na nyoka, na fukwe zimewekewa uzio na mawe. Mtoto wa kimo kile, ameinama, usiku, kwenye maji ya kina kifupi, mamba anamwona kama windo la kawaida. Ndiyo sababu picha zile zinanichoma.

Mamba hawa ni aligeta. Wana pua pana ya mviringo, na wakifunga mdomo meno ya chini hayaonekani. Si wakali kama mamba wa mito yetu, na mara nyingi huwakwepa watu. Hapo ndipo baadhi yetu tunapojiamini kupita kiasi. Ukwepaji huo unakufa kwa chakula. Mtu akitupa mkate au chipsi kutoka gatini, mamba anajifunza kwamba penye mtu pana mlo, na atamfuata mtu wa kesho ambaye hana kitu mkononi. Sheria ya Florida inakataza kuwalisha. Tena anayelisha anamuua mnyama mwenyewe: mamba msumbufu wa kuanzia futi 4, yaani mita 1.2, kwa kawaida hahamishwi, kwa sababu hujaribu kurudi alikotoka. Mtegaji mwenye mkataba na serikali humchukua na kumuua, kisha huuza ngozi na nyama.

Msimu nao una hesabu yake. Joto likiwa kati ya nyuzi 28 na 33 za Selsiasi mamba anachangamka. Aprili hadi Juni wanatafutana na kupandana, madume yakitembea sana. Mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai majike hutaga kwenye rundo la majani, na mayai huanguliwa Agosti hadi Septemba huku mama akilinda. Karibu likizo yote ya watoto imo humo.

Kumtambua majini, tafuta vinundu viwili vya macho na kingine cha pua mbele yake. Gogo hufuata upepo, yeye hubaki pale pale au husogea bila kufanya mawimbi. Kadiria umbali wa pua hadi macho: kila sentimita 2.5 ni takriban sentimita 30 za urefu wa mwili wote. Usiku ukimmulika kwa tochi, macho hung'aa mekundu. Kaa mbali, mita 20 ukiwa na mtoto. Kuanzia jioni hadi alfajiri, maji yaacheni kabisa. Akimkamata mtu, asisubiri kuachiwa: apigane, ampige macho na pua, kisha aende hospitali hata kama jeraha ni dogo, maana mdomo wa mamba una bakteria wa kuozesha kidonda.

Mnaokuja kuishi Orlando au Kissimmee, dalali atakuonyesha nyumba yenye "ziwa" na kodi itapanda kwa ajili hiyo. Mara nyingi ni bwawa la kukusanya maji ya mvua, na mamba anaweza kuwemo. Usipae samaki pale ukingoni wala kutupa matumbo yake majini, weka kwenye mfuko na utupe jalalani. Mbwa asinywe maji pale.

Ukimwona wa kuanzia mita 1.2 anayewafuata watu, piga 866-392-4286, namba ya idara ya wanyamapori ya Florida. Taja anwani, urefu wa kukadiria na alikuwa upande gani wa bwawa. Ukiwa ndani ya Disney, mwambie mfanyakazi aliye karibu, lakini kwanza ondoa watoto ukingoni.