Mreteni wangu wa kitaluni, mwaka wa 6 sasa

Natengeneza bonsai, yaani mti unaotunzwa chunguni ubaki mdogo, kwa mreteni (juniper, mti wa jamii ya misonobari). Wa kwanza niliuua kwa kumsikiliza mtu. Aliniambia niupogoe, niupande kwenye chungu kifupi na kuuweka sebuleni, yote siku hiyohiyo. Nikatii. Wiki sita ulikaa kijani, nami nikawa nauonyesha wageni, kumbe ulishakufa. Mreteni ukifa haupukutishi majani mara moja. Rangi hubaki muda mrefu ndipo ianze kufifia. Siku nilipokwangua gome kwa ukucha, chini yake palikuwa pakavu, hakuna hata dalili ya kijani. Ushauri ule unaniudhi mpaka leo.

Wa pili sikuuchagua kwa uzuri wa majani. Nilipiga magoti palepale kitaluni, nikaingiza vidole kwenye udongo wa mfuko, maana miche mingi hufukiwa kupita kiasi. Nikafukua taratibu, kama sentimita 4 hivi, nikafika pale shina linapotanuka kuwa mizizi. Juu lilikuwa jembamba kama kidole, chini nene mara mbili, tena limejipinda lenyewe! Nikalipa, bei ya mche wa kawaida tu.

Mwaka mzima wa kwanza nilipogoa tu. Tawi la mreteni ukiliondolea kijani chote halichipui tena, limekwisha. Kwa hiyo nilitoa vijiti vya kwapani, pale matawi yanapogawanyika, na vilivyoota kuelekea chini, nikalinda kila kishada kidogo kilicho karibu na shina. Ncha sizinyoi kama ua wa michongoma, majani yakikatwa katikati huwa ya kahawia. Nakata kijiti chenyewe.

Waya wa alumini wa kukunjia matawi ulifuata mwaka wa pili. Uutoe kabla haujazama kwenye gome. Chungu kilisubiri mwaka wa tatu, mti ukiwa karibu kuanza kukua. Nilipunguza mizizi kiasi, udongo wa zamani chini ya shina sikuugusa, nikajaza pumisi, vijiwe vyepesi vya volkano vinavyopitisha maji haraka. Na unakaa nje, juani, siku zote.

Tawi moja nene lilikufa. Sikulitupa, nililimenya gome likawa mti mkavu mweupe, Wajapani huliita jin. Pembeni yake kuna kishada nilichokiacha mwaka ule wa kwanza, kikiwa kidogo kama ukucha wa dole gumba. Leo ndicho tawi kuu la upande wa kushoto.