Kilemba

Pesa nilikuwa nazo tayari: shilingi 300,000, zimefungwa kwenye leso ya marehemu mama na kuwekwa chini ya godoro, na kila usiku nikizipapasa kabla ya kulala. Hizo zilikuwa za kilemba tu, pesa za mkupuo anazopewa mwenye nyumba ili akupe chumba. Kodi yenyewe ilikuwa 25,000 kwa mwezi.

Ilikuwa 2018. Chumba nilichokitaka kiko chini ya nyumba ya mawe Usita wa Mui, hapa Lamu, na mwenye nyumba nilimwita Ami ingawa hatuna damu moja. Alikuwa rafiki wa baba. Tangu nilipokuwa nikienda chuo cha Kurani na juzuu kwapani, nilimwamkia kila asubuhi nikipita daka lake, pale kibarazani mlangoni. Sasa nilitaka mahali pa kuuzia mahamri, viazi vya karai na maji ya ukwaju, na yeye akasema chumba ni changu, nimwage wino tu. Akanipa kurasa tisa za Kiingereza zilizopigwa chapa Mombasa.

"Makaratasi tu haya, mwanangu," alisema.

Kumpelekea wakili karatasi za mtu kama huyo niliona haya kweli. Ni kama kumhesabia pesa mbele ya watu baada ya yeye kukwambia zimetimia. Lakini dada yangu aliyewahi kupoteza duka kule bara alinishikilia: usitie mkono kitu usichokielewa. Basi nikaamua kwenda Malindi, kwa sababu Lamu ukipanda ngazi za wakili asubuhi, adhuhuri habari ishafika msikitini. Nikavuka kwa boti hadi Mokowe alfajiri, nikapanda basi, Witu, Garsen, na vizuizi vya polisi ambapo kila mara unashuka uonyeshe kitambulisho. Ofisi yenyewe ilikuwa Barabara ya Lamu. Nimetoka Lamu saa zote zile ili nifike Lamu.

Wakili alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alisoma kimya, kalamu nyekundu mkononi, halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Boriti za dari zikoje?"

Sikujua. Nilikuwa nimekitazama chumba mara tatu na sikuinua macho. Akanionyesha kifungu: mpangaji atatengeneza jengo lote, ndani na nje, kuta na dari. Nyumba ya matumbawe na chokaa ya miaka na miaka, na mimi ndiye niliyekuwa naibeba kwa 25,000 kwa mwezi.

Kisha akafika kwenye muda. Miaka 5 na miezi 3. Nilidhani ile miezi mitatu ni takrima. Akatabasamu. Sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, ni ya 1965, akasema, nayo humlinda mpangaji ambaye mkataba wake haukuandikwa au hauzidi miaka 5. Huyo haongezewi kodi wala hatolewi hivi hivi. Sharti apewe notisi ya miezi 2 kwa fomu maalumu, na akipinga, baraza la kodi za nyumba za biashara ndilo linaloamua. Ukivuka miaka 5, umetoka nje ya ulinzi huo. Ndiyo maana mawakili wa wenye nyumba wanaipenda miezi ile ya ziada.

"Lakini aliyenakili huu hakuwa makini," akaongeza, na kwa mara ya kwanza nilimwona akifurahi. Ukurasa wa saba ulisema mwenye nyumba anaweza kuuvunja mkataba wakati wowote kwa notisi. Mkataba unaovunjika hivyo bila kosa la mtu ndani ya miaka 5 ya mwanzo, sheria huurudisha ndani ya ulinzi. Walifunga mlango kwa komeo, wakaacha dirisha wazi.

Nikacheka naye. Hapo ndipo aliponiuliza kilemba kimeandikwa wapi. Tukapekua kurasa zote tisa. Laki tatu zangu hazikutajwa hata mara moja.

Alinitoza 10,000, akaahidi kufanya sachi ya hati kwenye ofisi ya ardhi, yaani kutazama nyumba imeandikwa jina la nani. Akaniagiza nipige picha za dari ziambatanishwe na mkataba, na kodi isianze kuhesabiwa hadi Makumbusho ya Taifa watoe ruhusa ya kupanua dirisha, maana Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na ukuta haubomolewi kwa hiari yako.

Niliporudi nilikwenda kuzitazama boriti. Niligusa moja kwa mpini wa ufagio na unga mweupe ukanimwagikia buibui. Ami alikuwa mlangoni.

"Malindi kulikuwaje?" akauliza. Alishajua.

Sachi ilitoka wiki ya pili: hati ilikuwa bado na jina la marehemu babake Ami. Mirathi haikupitishwa kwa Kadhi. Ami alikuwa na kaka wawili na dada wawili, na hakuna aliyeambiwa habari ya chumba wala ya kilemba. Nilimweleza hayo nikiangalia viatu vyangu. Alinyamaza muda mrefu, akachezea tasbihi, kisha akasema pesa alizitakia dari. Nilimwamini. Mpaka leo namwamini. Lakini miezi sita iliyofuata, shauri likiwa kwa Kadhi, hakuitikia salamu yangu kwa sauti, midomo tu ilicheza.

Tulitia sahihi sote dakani kwake, mkataba mpya, kilemba kimeandikwa, dari ni ya wenye nyumba. Ushuru wa stempu, asilimia 2 ya kodi ya mwaka, ulikuwa 6,000, wangu. Dada yao mkubwa alikuja kutoka Mombasa. Yeye ndiye aliyeifungua leso na kuyatenga mafungu juu ya mkeka: kaka 75,000 kila mmoja, dada 37,500. Alihesabu mara mbili, akalamba kidole, akahesabu tena.

Alipomaliza aliikung'uta leso, akaikunja mara nne, akaninyooshea.

"Hii ya mamako," alisema. "Tuliinunua pamoja."