Pasaka ya mwezi mchanga

Jumatatu ya Pasaka, usiku. Mvua imeanza tena.

Wiki nzima imenikaa kooni ile "Haya, mwanangu" ya Bibi wa mikeka, jirani yangu Mwislamu. Mdogo wangu kaposwa, kazini nimepewa mkataba wa mwaka (ndiyo, hatimaye), lakini nikilaza kichwa kwenye mto naisikia hiyo tu.

Mnanijua nikitoka kanisani na njaa. Jumapili ya Matawi niliingia uani na kuti langu changa, jua la Malindi utosini, viatu vyanibana. Bibi yuko barazani, miyaa miguuni, anasuka.

"Mwanangu, Pasaka yenu mwaka jana ilikuwa tarehe ishirini, sasa yaja tarehe tano. Kwani nanyi mwafuata mwezi?"

Sikuweka hata mkoba chini. "La, Bibi. Mwezi ni wenu. Sisi tuna kalenda."

"Haya, mwanangu."

Basi. Akarudi kwenye ukili wake. Hakununa, na afadhali angenuna. Nilidhani ananichokoza, maana Ramadhani ilipoandama nilicheka walivyobishana uani, umeonekana, haujaonekana. Na Kwaresima yetu ilianza wiki hiyo hiyo! Tulifunga pamoja, na futari yake imeniokoa mara nyingi kuliko ninavyotaka katekista ajue.

Alhamisi Kuu, baada ya padre kuosha miguu ya watu kumi na wawili, tukatoka nje. Mwezi huo! Umejaa, umekaa juu ya minazi kama sinia. Moyo ukanipiga. Nikamuuliza katekista, akanitazama kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Pasaka, akasema, ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Ndiyo maana haitangulii 22 Machi wala haipiti 25 Aprili. Bwana aliteswa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, na hao huila mwezi ukiwa mpevu. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ulitaka Wakristo wote waiadhimishe Jumapili moja.

Miaka thelathini na minne ya ubatizo, sijawahi kuinua macho.

Njia ya Msalaba ya Ijumaa niliipita nikiwaza kuti na mkoba. Mkesha wa Jumamosi ndio ulionilegeza. Taa zimezimwa, moto mpya umewashwa nje, mshumaa wa Pasaka umechorwa Alfa na Omega na tarakimu za mwaka, kisha mwali ukapita mkono kwa mkono hadi kanisa zima likaona nyuso. Aleluya tuliyoinyamazia tangu Jumatano ya Majivu ilipoimbwa, yule mama wa sauti ya kwanza alianza juu mno, tukamfuata hivyo hivyo tukikwaruza.

Jumapili nikampelekea Bibi pilau. (Kuku alichinjwa na mjukuu wake, kama kawaida yetu.)

"Bibi, nilikosea. Twafuata mwezi."

"Najua. Marehemu babu yako alikuwa mvuvi. Mie sijaona Pasaka ya mwezi mchanga."

"Sasa mbona uliniuliza?"

"Nalitaka uniambie kwa nini."

Nikaketi kwenye mkeka ambao haujesha. Nikamweleza kondoo, damu kwenye miimo ya milango, watu kutoka Misri usiku. Kufika baharini akanipokonya hadithi: Musa anamjua, fimbo anaijua, Firauni alivyozama anamjua kuliko mimi. Nilipofika msalabani tukanyamaza wote wawili. Hapo kila mtu na kitabu chake. Akanimiminia kahawa, akaniuliza kama posa ya mdogo wangu ina tarehe.

Sasa hivi bati la jikoni linavuja, na safari hii ni upande wa soketi ya friji. Fundi aliniambia "baada ya sikukuu". Nimeweka sufuria, nimechomoa friji, na ndani mna samaki wa watu.