Kuitoboa kronografu bila kuiua

Sonara wa Mombasa au Unguja anaujua vizuri msumeno huu: uzi wa chuma wenye meno, umevutwa kwenye fremu mpaka ukiugusa kwa ukucha unalia. Kazi ya saa za kiunzi, yaani saa zilizotobolewa hadi magurudumu yakaonekana mbele na nyuma, hufanywa kwa uzi namba 8/0, wenye unene wa milimita 0.16 hivi. Unatoboa tundu dogo kwa keekee, unaupitisha uzi, unaukaza, unakata. Ukiulazimisha kwenye kona, unakatika.

Katika saa ya kawaida kazi hiyo inatosha kumtoa mtu jasho. Kronografu, yaani saa yenye vitufe vya kupimia muda, ni balaa zaidi, kwa sababu ndani yake kuna vitu vinavyopigana. Chukua Valjoux 72, mtambo wa kutia ufunguo kwa mkono uliotengenezwa kwenye bonde la Vallée de Joux, Uswisi. Una kipenyo cha milimita 29.5 na hupiga mara 5 kwa sekunde. Ukibonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, nyundo hushuka kwa nguvu juu ya vipande vyenye umbo la moyo, na akrabu (mshale wa saa) hurudi mahali pake mara moja. Pigo lile lote hubebwa na ncha nyembamba za mihimili na daraja, yaani bamba linalozishika. Fundi aliyelikondesha mno daraja hilo ili lipendeze atakuta akrabu haifiki sifuri sawasawa, kisha siku moja ncha inavunjika. Kwa maoni yangu daraja la gurudumu la kronografu libaki na nyama, yaani unene, kuliko madaraja mengine yote, hata kama ua lililochorwa halitakamilika.

Kabla ya tundu la kwanza, chora kwenye kila kipande yale yasiyoguswa: vito vya yakuti, matundu ya skrubu, vipini vya springi. Halafu kigeuze. Kosa la kawaida ni kuchora upande mmoja tu. Juu panaonekana patupu, kumbe chini pamechimbwa njia ya gurudumu na chuma kilichobaki ni kama karatasi. Tena springi za kronografu husukuma kwa ubavu. Kipini chake kikikosa nyama pembeni, springi inajinyonga na kitufe kinakuwa kigumu.

Ukishamaliza msumeno, unganisha mtambo wote na uujaribu kabla ya nakshi. Shaba iliyokatwa sana huweza kujipinda kidogo, na hapo meno ya gurudumu la klachi, linaloiunganisha kronografu na mtambo wa saa, huingia ndani mno au hushikana kwa ncha tu. Yakiingia mno, mzunguko wa balansi, gurudumu linalopiga mapigo ya saa, unashuka sana kila ukianzisha kronografu. Yakishikana kwa ncha, akrabu ya sekunde inaruka au inasitasita. Skrubu ya egemeo lisilo katikati, ambayo ikizungushwa husogeza gurudumu, hurekebisha hilo, lakini si kama daraja lenyewe limepinda.

Nakshi huchongwa kipande kikiwa kimelazwa juu ya lakiri iliyoyeyushwa. Lakiri inajaza matundu na kuishika mikono ile myembamba isitetemeke chini ya tindo. Baadaye inayeyushwa kwa spiriti. Tindo hunolewa tena na tena, kwa kuwa ncha butu haikati, inateleza, na mtelezo kwenye shaba haufutiki. Fundi mzuri huurefusha mshipa wa jani mpaka ulimeze kovu. Upakaji wa dhahabu au rodiamu huja baada ya kuchonga, kamwe si kabla.

Kingo ndizo za kuziangalia kwa lenzi. Kila ukingo hukatwa mshazari wa nyuzi 45, upana uleule mwanzo hadi mwisho, kisha husuguliwa kwa kijiti cha mti na uji wa almasi mpaka uwe kioo. Tazama kona za ndani, pale mishazari miwili inapokutana ikielekea ndani ya chuma. Chombo kinachozunguka huacha kona ya mviringo. Mkono wenye tupa huacha mstari mmoja mkali, kama mkunjo wa karatasi, na mwanga ukiupiga upande mmoja unawaka, wa pili unakuwa mweusi. Kona kama hiyo moja yaweza kula saa kadhaa. Napenda sana kuzihesabu.

Vyuma vya kronografu, yaani wenzo na nyundo, nashauri viachwe bila kutobolewa. Ni pua (chuma kigumu) iliyokazwa, huua nyuzi za msumeno. Kuilainisha kwa moto, kisha kuikaza tena kwenye joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, kuitia mafuta na kuirudisha hadi rangi ya buluu karibu na nyuzi 300, huipinda. Ving'arishe vyuma hivyo tu, mishazari yake inatosha.

Na usisahau pete ya dakika. Bila uso wa saa, akrabu hupotea katikati ya magurudumu; pete nyembamba yenye alama za 1/5 ya sekunde, na akrabu za buluu, hufanya kronografu isomeke.